Shamba la Nkirote, Azae Asizae

Zimeni hiyo redio, wanangu, mvute viti karibu na kitanda, kwa maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema jambo moja na sitaki ipotelee njiani. Gachoki na Ednah, majirani zangu, nimewaita muwe mashahidi, asije mtu akasema kesho kwamba mimi Ruguru nilikuwa nimeshaanza kuweweseka.

Muchangi, kifungua mimba wangu, jana ulisimama hapo mlangoni ukamwambia ndugu yako Nyamu: "Sehemu yako ya majani chai tuiweke kwanza. Bibi yako akizaa, utaichukua. Asipozaa, itarudi kwa watoto wangu. Ama unataka kumrithisha nani, barafu?" Mkacheka, wewe na mkeo Gladwell, na Nyamu akanyamaza. Sikuwa nimelala.

Basi nitawaambia habari za hiyo barafu. Huko Nairobi, kwenye kliniki, ndani ya mtungi wa baridi kali kama ule wa mbegu za fahali ambao daktari wa ng'ombe hufunga nyuma ya pikipiki, yamebaki mayai mawili ya Nkirote, mke wa Nyamu, yaliyokwisha kuunganishwa na mbegu ya mumewe. Mnayacheka kwa sababu hamkuona yalivyopatikana. Mimi niliona.

Nyamu, wewe unayechinja mbuzi wa Krismasi ukipiga mluzi, ulipopewa sindano ya kukuza mayai umdunge mkeo tumboni uliketi chini ukaomba maji. Nkirote akaniletea mimi. "Mama, si wewe hudunga ng'ombe?" Nikamwambia, "Ng'ombe hanitukani kwa Kimeru chenu." Tukacheka, akainua blauzi, nikamdunga. Kila jioni, nikimaliza kukama, nilinawa kwa sabuni nikamtafutia mahali ambapo ngozi haijavilia damu, mpaka tumbo la msichana wa watu likawa kama shamba lililochimbwa na fuko, na hakuna jioni hata moja aliyonishika mkono aniambie niache. Dawa zenyewe zilikaa kwenye friji ya duka lako, Gladwell, kati ya soda na maziwa, na kwa hilo nakushukuru. Lakini kabla ya Jumapili kufika, soko zima la Kianjokoma lilikuwa linajua.

Zile dawa zikamvimbisha mpaka viatu vikakataa miguu. Kanisani kina mama, wakidhani dawa zimeshafanya kazi, wakampisha kiti, wakamwita kwa jina la kwao Meru, "Hongera, msichana wa Muthara, umetuficha!" Naye, ambaye tumboni mlikuwa na maji na maumivu tu, alikaa kwenye kiti hicho akawashukuru mmoja mmoja, akaimba mpaka mwisho wa ibada. Siku hiyo nilimtazama nikajivuna kama niliyemzaa.

Mimba ikaja ikashika, mnakumbuka. Ikatoka akiwa kwenye foleni ya kupimisha majani chai, kikapu kingali mgongoni. Hakupiga yowe. Alimwomba mwenzake ampimishie, akajifunga leso, akaja nyumbani kwa miguu yake. Nikachemsha njahi, yale maharagwe meusi, nikaziponda na ndizi, kama tunavyompikia mwanamke aliyetoka kujifungua, na wewe Muchangi ukachungulia jikoni ukauliza, "Njahi za nini, na mtoto hayuko?" Sikukujibu kwa sababu alikuwa anakula. Nakujibu leo. Njahi hupewa aliyevuja damu, na yeye alikuwa amevuja.

Akarudi kliniki. Akarudi tena. Kuna asubuhi nilimkuta zizini akimwambia ng'ombe mwenye mimba maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya Gachoki, kisha akamkumbatia shingo yule ng'ombe akalia. Kuna majuma hakuongea na mtu, hata na mumewe, na mtoto akilia kwa jirani alifunga dirisha. Halafu mwaka huu, mvua zilipoanza, akaja akakaa kwenye kigoda akaniambia, "Mama, nimechoka. Sijui kama nitarudi kuyachukua yale mawili." Wengine wataita hiyo kukata tamaa. Mimi niliona mtu aliyepanda na mzigo mlima mzima, akachagua mwenyewe pa kuutua.

Muchangi, ukimwekea shamba mbele kama chambo, unamrudisha kwenye sindano, na safari hii sitakuwepo kumdunga na kumchekesha.

Kwa hiyo nagawa. Wewe yako ni upande wa juu, kutoka barabarani hadi kwenye miparachichi, na hakuna atakayekupunguzia hata shina moja. Nyamu na Nkirote, yenu ni upande wa chini mpaka mtoni, na hati iandikwe majina yote mawili, azae asizae. Nyamu akitangulia kufa, shamba ni la Nkirote. Nyamu akiingiza mke mwingine, bado ni la Nkirote. Na hayo mayai, neno la kwanza na la mwisho ni la mwenye tumbo. Mtu asimuulize habari zake, hata kwa huruma, hata kwenye matanga yangu.

Kaburi langu chimbeni upande wa chini, kwake, juu kidogo ya mto. Atakayetaka kumfukuza pale aanze kwa kunikanyaga mimi. Na wakisoma maisha yangu mbele ya watu, Nkirote asomwe miongoni mwa watoto wangu.

Nyamu, inua kichwa. Jana ulinyamaza. Nikiondoka, usinyamaze tena.

Nipeni maji... kidogo tu. Wazee wetu walibariki kwa mate, na mdomo wangu umekauka. Nkirote, sogea. Mkono hauinuki, uchukue wewe, uuweke tumboni. Hapo. Tumbo hili libarikiwe. Limefanya kazi kubwa kuliko... kuliko langu lililozaa hawa. Likitaka kulala, lilale. Likitaka kuamka, liamke, na lisiogope mtu. Nanyi nyote... mvune, mshibe, mzeeke... mkiitana.

Semeni amina. Muchangi, anza wewe, ndiwe mkubwa.

Sikukusikia.

Tena, mwanangu... mtazame yeye, usinitazame mimi.

Haya. Hiyo nimeisikia.