Aprili Iliyoandikwa Juni: Kumuaga Mzee Kipimo

Ijumaa, tarehe 31 Julai, mpimaji wa mvua wa kituo chetu cha hali ya hewa anastaafu baada ya miaka thelathini na minne na mwezi mmoja kazini. Jina lake la kwenye mshahara analijua mhasibu peke yake. Sisi wengine tunamwita Mzee Kipimo, naye huitika bila kinyongo.

Aliajiriwa akiwa kijana mwembamba, kwa kazi moja tu: kila siku saa tatu kamili asubuhi afungue kipima mvua kilichopo nyuma ya ofisi, asome, aandike. Iwe sikukuu, iwe msiba, saa tatu ni saa tatu. Mwaka mmoja mtu wa humu humu ndani (simtaji, bado tunakula naye meza moja) alimwaga mabaki ya chai kwenye kile chombo. Mzee hakufoka. Aliandika kwenye rejista: "Milimita mbili, chai." Imo mpaka leo.

Mkuu wa zamani ndiye aliyemfundisha kuandika miezi kwa namba za Kirumi, ili tarehe tano mwezi wa sita isije ikasomwa tarehe sita mwezi wa tano. Basi Januari ikawa I na Desemba XII, rejista baada ya rejista, kwa mwandiko ulionyooka utadhani amepiga rula. Mwaka jana ikaja amri: rejista zote ziingizwe kwenye jedwali la kompyuta, miezi iwe kwa namba za kawaida, kisha vitabu vyenyewe vipelekwe ghala kuu. Tulipewa kazi hiyo sisi wawili, yeye msomaji, mimi mchapaji. Nilichapa miezi kama ilivyoandikwa, halafu nikatunga fomula ya kuzigeuza zile namba za Kirumi. Safu nzima ikabadilika kabla Mzee hajavaa miwani. Alicheka sana, akauliza kama hiyo fomula inajua na kupika.

Furaha yangu haikufika mchana. Mwaka wa tisa wa utumishi wake haukuwa na Aprili hata siku moja, na Juni ilikuwa na siku sitini. Nikarudi kwenye kitabu. Kati ya Machi na Mei palikuwa na ukurasa wenye mwandiko mwingine, wa mviringo, wenye VI kila mstari palipotakiwa IV. Kwenye karatasi kosa hilo halikumsumbua mtu, maana ukurasa ulikaa mahali pake. Kompyuta haijui kurasa. Nikanyoosha kidole nirekebishe yote kwa mkupuo.

"Hapo niachie, mwanangu," akasema. "Huo mwandiko wa mama watoto."

Aprili ile Mzee alikuwa amelazwa, mguu umevunjika baada ya kuteleza kwenye ngazi ya kipima upepo. Mkewe, fundi cherehani, alitoka nyumba ya kituo kila saa tatu akapima badala yake. Mvua aliiandika kama anayepima kitambaa: "kumi na mbili na robo", "saba kamili". Alifariki miaka sita iliyopita. Waliishi chini ya paa moja siku zote, hawakuwahi kuandikiana barua, na ile mistari thelathini ndiyo maandishi pekee ya mkono wake yaliyobaki duniani. Kosa Mzee aliliona siku ile ile aliyorudi na magongo. Mtu anayetukaripia kwa nukta moja iliyokaa vibaya hakuwa na moyo wa kulikata.

Kwenye jedwali alirekebisha mwenyewe, nne moja moja, mara thelathini, akisoma kila mvua kwa sauti. Ilimchukua asubuhi nzima. Mimi nilijifanya natafuta faili. Alipomaliza alifunga kitabu, akaacha kiganja juu ya jalada, akauliza gari la ghala linakuja lini.

Jumamosi anahamia kwa binti yake, mwendo wa saa nne kwa basi. Saa tatu itafika naye hayupo, na sioni haya kusema naiogopa asubuhi hiyo.

Lakini taratibu ni taratibu, yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Hakuna kitabu kinachokwenda ghala mpaka kila mwezi uwe na saini mbili za uhakiki, ya msomaji na ya mchapaji. Mzee ameshatia yake. Yangu, kwenye Aprili ile, bado. Mkuu wa kituo, ukisoma hapa, uhakiki unaendelea, na mchapaji wako ni mtu wa polepole mno.

Mzee wetu, ahsante kwa kila mvua uliyotuwekea. Tunakuombea mguu usiouma, wajukuu watundu na asubuhi ndefu zisizokudai kitu. Kitabu kiko kabati la kushoto, rafu ya pili. Ukimkumbuka mama watoto, panda basi uje. Ufunguo ninao mimi.