Kiti cha Pili Kwenye Kaunta ya Velda: Maisha ya Marehemu Lowell Stroud, 1946–2019

Marehemu Lowell Stroud alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 huko Colter Fork, mashariki mwa Kentucky, mtoto wa pekee wa mchimba makaa ya mawe Amos Stroud na mkewe Zelpha. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho kabla barabara haijaishia mlimani. Hakuwa na wa kucheza naye, kwa hiyo alirusha mpira, akaukimbilia, akaurusha tena.

Mpira huo, ule wa Kimarekani wenye umbo la yai, ndio uliompeleka chuo. Mwaka wa pili goti lilivunjika. Alimwendea kocha wake akamwambia, “Kukimbia siwezi tena, lakini kuona bado naona.” Akapewa kazi ya kuwanoa wenzake, na hakuwahi kutafuta nyingine. Alihitimu mwaka 1968.

Tarehe 12 Juni 1971 alimwoa Imogene Bartek wa Nebraska, mwalimu wa muziki. Kaka wa bibi harusi, Rudy, muuza matrekta ya mitumba, alimwona shemeji yake kuwa mnunuzi wa hovyo. Lowell alinunua gari kwa bei ya kwanza aliyotajiwa.

“Shemeji, hata tairi hukukagua?”

“Yule bwana alikuwa mpole.”

“Wauzaji wote ni wapole, shemeji. Mimi mwenyewe ni mpole!”

Hawakujaliwa watoto. Imogene alifariki kwa saratani tarehe 3 Aprili 1991. Kiangazi hicho Lowell alikubali kazi ya kocha mkuu wa Chuo cha Tamsen, mji wa Nebraska ulio mbali na kwao Imogene, bila kuuliza nyumba ikoje wala timu ikoje. Alitaka tu mahali ambapo hakuna aliyemfahamu mkewe.

Akapapata. Timu ile ilikuwa imefundishwa na Orval Dreesen tangu wachezaji wale hawajazaliwa, na alikuwa amestaafu majuzi tu. Asubuhi ya kwanza Lowell aliingia mgahawa wa Velda, akakaa kiti cha kaunta kilicho karibu na dirisha.

“Hapo pana mwenyewe,” Velda alimwambia, birika la kahawa mkononi. “Hicho ni cha Kocha.”

“Mama, kocha ndiye mimi.”

Kaunta nzima ikacheka. “Wewe ni Bwana Stroud,” alisema Velda. “Kocha anafika saa moja.”

Pale Tamsen neno hilo halikuwa cheo. Lilikuwa jina la mtu, na mtu huyo alikuwa hai, anakunywa kahawa. Lowell alichukua kikombe chake akaenda kunywea garini. Msimu ule chakula cha jioni alikila amesimama jikoni, redio ikimsema.

Walimsema kwa sababu timu ilifungwa, na ilifungwa kwa sababu Lowell alipenda mpira wa kurusha. Kinyozi wake hakumficha: “Huku mpira tunakimbia nao, Bwana Stroud. Ukiurusha kwenye upepo huu, utaufuata hadi jimbo la Iowa.” Hata wachezaji walimwita “bwana”.

Kila mazoezi, gari la buluu liliegeshwa kando ya uzio, Orval ndani yake. Watu walisema Kocha analinda timu yake. Mwezi Oktoba, baada ya kufungwa tena, Lowell alivuka uwanja, akafungua mlango wa gari lile na kuingia.

“Umekuja kunifukuza?” Orval aliuliza.

“Nimekuja kukaa. Nje baridi.”

Orval alimsogezea nafasi. “Mke wangu hunitoa nyumbani kila mchana. Anasema namganda. Sina pa kwenda.”

“Mimi pa kwenda ninapo, ila huko hakuna mtu.”

Wakatazama mazoezi. Kisha Lowell akasema, “Nifundishe upepo huu, mzee, nami nitakuachia kiti chako.”

“Kiti ni changu tayari.”

“Ndiyo maana nakuuzia rahisi.”

Rudy alikuwa akisema kwamba hiyo ndiyo biashara pekee ambayo shemeji yake aliwahi kufaidi.

Timu ilianza kushinda. Jumamosi, tarehe 16 Novemba, iliwakaribisha mahasimu wao, Chuo cha Wexley, katika mechi ya mwisho. Sekunde zikiyoyoma, Tamsen walikuwa nyuma kwa pointi tatu, mstari wa goli uko mbele yao. Kuupiga mpira teke kungeleta pointi tatu na sare; kuuvusha mstari kungeleta ushindi. Lowell aliagiza wakimbie nao, kama mji ulivyotaka msimu mzima. Kijana aliyeubeba alikabwa hatua moja kabla ya mstari. Watu wakashuka majukwaani wakaenda zao, na hakuna aliyempa Lowell mkono.

Jumatatu aliingia kwa Velda, akasimama mlangoni. Orval alipigapiga kiti cha pili.

“Mimi ningepiga teke,” alisema. “Nilikuwa napiga siku zote. Nina sare nyingi, na hakuna hata moja ninayoikumbuka. Velda, mletee Kocha kahawa.”

“Si unayo hiyo mbele yako?”

“Nimesema Kocha.”

Velda aliwatazama wote wawili, akamimina.

Lowell alifundisha Tamsen hadi 2008, akishinda na kushindwa kama watu wengine, na kila asubuhi alikaa kiti kile cha pili. Orval alifariki Januari 2003. Velda alimwambia Lowell asogee dirishani, kwenye jua.

“Hapo pana mwenyewe,” alijibu. Akaendelea kunywa kahawa kando ya kiti kitupu kwa miaka kumi na sita.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2017. Alifariki tarehe 21 Oktoba 2019 katika hospitali ya Tamsen, Rudy akiwa naye. Siku mbili kabla, muuguzi alimwita Kocha. Alimsahihisha kwa upole: kocha wa sasa ni yule kijana mpya, na anakula peke yake, mtu amwalike.

Ameacha shemeji yake Rudy Bartek na mkewe Libbie, binti yao Carol, Velda Nissen, na wachezaji wake wengi, ambao leo hapa kanisani wamejaza safu za nyuma na kuziacha za mbele tupu. Sogeeni mbele, tafadhali. Anawekwa kando ya Imogene, mahali palipomngoja tangu 1991. Hapo pana mwenyewe.

Kocha na apumzike kwa amani.