Mama Rachelle, Aliyeuliza Picha Zetu Zinakwenda Wapi

Ijumaa tarehe 26 Septemba 2025, Mama Rachelle Bitondo anaagana na Redio Tusikilizane ya hapa Kasongo, baada ya kuitumikia kwa miaka ishirini na miwili. Wapo vijana mjini hapa, wenye ndevu na watoto, ambao tangu wazaliwe hawajawahi kuanza siku bila kumsikia akisalimia.

Alizaliwa Kabambare na kufundisha shule ya msingi huko hadi vita vilipomtoa. Aliingia Kasongo kwa miguu, binti yake Sonia akiwa mgongoni, na wenzetu wa mwanzo wakampa kazi kwa sababu moja tu: tangazo likiletwa kwa Kiswahili, aliweza kulisoma papo hapo kwa Kibangubangu na Kizimba, tena kwa kicheko kilekile. Studio wakati huo ilikuwa chumba kimoja chenye mablanketi ukutani. Mvua ikinyesha, kipindi kilisimama, kwa maana bati lilisikika kuliko mtangazaji.

Kazi yake kubwa ya miaka ile ilikuwa kusoma majina ya watu waliopoteana. Familia ngapi zilikutana tena kwa sauti yake, hatujui. Wengi walikutana wakasahau kuja kutuambia. Lakini ya mbuzi tunaijua. Papa mmoja, mzee wa mtaa wa jirani, alileta tangazo la mbuzi aliyepotea, na Mama Rachelle, ambaye hapendi tangazo lisilo na nyama, akamhoji kuhusu tabia za yule mbuzi mpaka akatosheka. Akaeleza hewani kwamba ni mkali, anapenda sabuni na hawapendi mapadri. Jioni mbuzi akarudi mwenyewe. Tangu siku hiyo watu wa mtaa ule wanashikilia kwamba alijisikia akitajwa, akaona haya.

Hayo ni ya kuchekesha, na tungependa kuendelea nayo. Lakini tukiruka mambo ya mwaka jana, kila anayesoma hapa atajiuliza kwa nini tumeyaruka.

Mwanzoni mwa mwaka huo kampuni iliyojiita Macho ya Amani ilisimamisha nguzo za chuma sokoni, kwenye maegesho ya moto, pikipiki zetu za abiria, na kwenye njia inayoshuka mtoni. Juu ya kila nguzo palikaa paneli ya jua, antena ndogo na kamera. Wizi ulikuwa umezidi, na wafanyabiashara wa dhahabu kutoka Salamabila walikuwa wakivamiwa njiani. Kampuni ilisema kamera zake zinazijua sura: mwizi akipita, mashine inalia yenyewe, bila kusubiri mtu. Redio yetu ikapewa paneli za jua ili tupumzike na mafuta ya jenereta, na tukaombwa tangazo. Mama Rachelle akalisoma vizuri, kama anavyosoma kila kitu. Sonia, ambaye alikuwa amemaliza masomo na hana kazi, akaajiriwa kukaa mbele ya skrini.

Haukupita muda, mji ukaanza kunong'ona. Waislamu waliuliza kwa nini kamera moja imegeukia mlango wa msikiti. Wakristo waliuliza kwa nini nyingine inatazama watoto wakitoka shule ya misheni. Wachimbaji waliona kwamba ile ya sokoni haitazami maduka, inatazama meza ya kupimia dhahabu. Mama Ernestine, muuza samaki na msemaji wa wanawake wa soko, alisimama chini ya nguzo siku ya soko, mikono kiunoni, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Mwizi anapitaka kule nyuma, kila mutu anajua. Hii kamera inaangalia sisi. Ni sisi njo tumekuwa wezi?"

Akavua kitenge chake cha juu, akakifunga kwenye mti mrefu wa kuangulia maembe, akaifunika kamera. Walinzi wa kampuni walikiondoa. Kesho yake kamera zote za soko zilikuwa na nguo, na ile ya maegesho ilikuwa imepakwa udongo wa mfinyanzi. Wakasafisha. Zikapakwa tena.

Kwa bahati mbaya, watu wakichoka kushuku chuma hugeukia kushukiana. Mgeni aliyeuliza bei mara mbili aliitwa mpelelezi. Aliyenunua simu mpya aliulizwa na ndugu zake ameipata wapi. Na Mama Rachelle? Sauti yake ndiyo iliyozisifu kamera, na mtoto wake ndiye aliyekuwa ndani. Majirani waliomzoea kwa chumvi na moto wa kuazima wakaacha kubisha hodi. Kisimani, akifika na ndoo, maneno yalikatika. Hata hapa redioni mazungumzo yalibadilika ghafla akifungua mlango, na fundi wetu Pacifique alipanda juu ya paa na kufungua moja ya zile paneli tulizopewa, akitafuta jicho lililofichwa. Alichokuta ni kiota cha nyigu. Alishuka haraka kuliko alivyopanda, na kwa siku kadhaa alitutazama kwa jicho moja tu. Mama Rachelle ndiye aliyempaka dawa, bila kumuuliza alikuwa anatafuta nini.

Kisha akakamatwa Joël.

Joël ni mwendesha moto wa njia ya Kabambare, mtoto wa Mama Mado anayeuza mihogo sokoni. Asubuhi moja alikuwa maegeshoni akingoja abiria, mashine ikalia, na walinzi wa kampuni wakamwangusha chini mbele ya wenzake. Walisema amevamia wanunuzi wa dhahabu karibu na Salamabila. Wakamfungia katika stoo ya nyumba yao. Mama Mado alikuja redioni akisema siku ile inayotajwa mwanawe alikuwa Kabambare, akimzika dada yake wa upande wa baba.

Mama Rachelle alimkalisha, akampa maji. Kisha akaenda nyumbani kuzungumza na Sonia, kwa kuwa alijua swali alilotaka kuuliza hewani litamfukuzisha binti yake kazi. Sonia mwenyewe ametupa ruhusa ya kuandika alichomjibu mama yake.

"Uliza, Mama. Mie niko ndani na sijui picha zinakwenda wapi. Niliuliza, wakaniambia nikae kimya. Mie pia ninataka kujua."

Msimamizi wa kampuni alikubali kuja studioni, akidhani ni tangazo jingine. Mikrofoni ilipofunguliwa, Mama Rachelle kwanza aliwaambia wasikilizaji kwamba lile tangazo la kamera alilisoma bila kuuliza, na kwamba leo atauliza. Akamgeukia mgeni.

"Bwana, Joël alikuwa kwa matanga Kabambare. Mashine yenu inasema alikuwa kule Salamabila. Mutu mumoja anaweza kuwa pahali pawili?"

"Mashine haikosei, Mama."

"Nani alihakikisha?"

"Mashine ndiyo inahakikisha."

"Aya. Na hizi picha zetu, za wamama sokoni, za watoto wa shule, zinakwenda wapi?"

"Zinawekwa pahali salama."

"Salama ya nani?"

Wasikilizaji walisikia kiti kikivutwa, kisha mlango. Msimamizi alikuwa ameondoka, na Mama Rachelle akafunga mikrofoni. 

Kabla kipindi hakijaisha, watu walikuwa wamejaa mbele ya nyumba ya kampuni. Wamotari, waendesha moto wenzake Joël, walileta kamba za kung'oa nguzo. Wengine walileta mawe, na mmoja alionekana na kidumu cha petroli. Pacifique alipiga simu kutoka kule akisema wanataka kuichoma nyumba. Ndani kulikuwa na Joël, na Sonia alikuwa zamuni. Tulimwangalia Mama Rachelle. Alishika meza kwa mikono miwili, akafungua tena mikrofoni. 

"Sikieni, bandugu. Ndani ya ile nyumba muko mutoto wa Mama Mado, na muko wangu. Moto hauchague. Wekeni mawe chini, ikaeni, muzunguke nyumba, asitoke mutu, asiingie mutu. Na nyie wa Kabambare munaonisikia: kama mulimuona Joël kwa mazishi, mukuje. Si kupiga simu. Mukuje wenyewe, na sura zenu."

Watu wakakaa. Mama Ernestine ndiye aliyekaa wa kwanza, chini, mlangoni kabisa, na kumwamuru mwenye petroli aondoke na kidumu chake. Wanawake wakapika palepale. Viongozi wa mji walifika, wakasema watangoja pamoja na wananchi.

Ilikuwa majira ya mvua, na anayeijua barabara ya Kabambare wakati wa mvua anajua tulikuwa tunangoja nini. Moto za watu wa Kabambare zilifika siku iliyofuata, zikiwa rangi moja na barabara. Katekista na imamu walikuwa wamepanda moto moja, wakashuka wakishikana mabega kwa sababu miguu ilikuwa imekufa ganzi. Nyuma yao walikuja wachimba kaburi na mjane mmoja aliyepika pale msibani, aliyesema alimpakulia Joël chakula mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza hakula. Walisimama mbele ya mlango, matope mpaka nyusi, na mmoja mmoja wakasema walichokiona.

Mlango ukafunguka kutoka ndani. Sonia alitoka akimshika Joël mkono, na walinzi wakawapisha. Joël alikuwa amevimba uso, akifumba macho kwa mwanga. Mama Mado alimkumbatia. Mtu mmoja kati ya umati akapiga kelele kwamba ile mashine ni ya kishetani, na Sonia, ambaye hakuwa amezoea kuzungumza mbele ya watu, akajibu:

"Hapana. Mie niliona kwa skrini. Mashine haikusema ni yeye. Ilisema anafanana. Ni wakubwa njo walisema ni yeye."

 Tunadhani maneno hayo yaliwatia watu hofu kuliko shetani.

Viongozi wa mji waliamuru Joël aende nyumbani na kampuni isimamishe kazi. Wiki chache baadaye Macho ya Amani walipakia kamera zao kwenye lori na kuondoka bila kuaga. Mama Rachelle aliomba paneli za redio zipandishwe kwenye lori lilelile. Tulibishana sana hapa ndani. Wapo ambao hadi leo wanaona tulikosea, na mnaposikia jenereta ikinguruma nyuma ya habari za asubuhi, mjue ni gharama ya uamuzi ule. Sonia alikosa kazi kwa miezi mingi. Sasa anafundisha hesabu katika shule moja ya hapa, na Joël humpeleka kwa moto siku za mvua. Watu wameanza kusema mengine kuhusu hilo, lakini hilo si la jarida hili.

Tungependa kuandika kwamba kila kitu kilirudi kama zamani. Hakikurudi. Kuna wanaosema mpaka leo kwamba yale mahojiano yalipangwa kati ya Mama Rachelle na kampuni ili wapate njia ya kuondoka. Kuna wanaoinua kitenge usoni wanapopita chini ya nguzo tupu. Na nguzo moja si tupu: kwenye njia ya mtoni kamera moja imebaki. Viongozi wanasema si yao. Kampuni, ilipoulizwa kwa simu, ilisema ilichukua zote. Pacifique alitazama kwa mbali na kusema taa yake ndogo nyekundu inawaka siku fulani na siku fulani haiwaki. Hakuna aliyepanda kuishusha, kwa kuwa hakuna anayetaka sura yake iwe ya mwisho kuonekana humo. Kila Jumatatu Mama Rachelle aliuliza hewani ni ya nani. Kuanzia wiki ijayo atauliza mtangazaji wetu Safi, ambaye amefundishwa naye na ambaye ana kichwa kigumu vilevile.

Wiki iliyopita Mama Ernestine alikuja redioni. Hakuwa amekanyaga hapa tangu siku za lile tangazo. Aliweka kapu la samaki wa Lualaba mezani, akavuta kiti na kukaa karibu na Mama Rachelle.

"Nilikushuku, dada," alisema. "Na bado nashuku watu wengi. Lakini wewe nimekuondoa."

Mama Rachelle alicheka mpaka akapangusa macho. Wakala samaki pamoja, na kipindi kikachelewa kuanza.

Anarudi Kabambare, kwenye shamba la marehemu mama yake, kulima mpunga na karanga. Kwa niaba ya wote wa Redio Tusikilizane tunamshukuru kwa miaka yake, kwa vicheko vyake, na kwa kutufundisha kuuliza kabla ya kusoma. Mama, uende salama. Tunakuombea mvua inayokuja kwa wakati wake, magoti yasiyouma, wajukuu wenye kelele, na kila asubuhi jirani wa kukubishia hodi, mwenye shida ya chumvi tu.

Octave, chumba cha habari