Kibuyu cha Ghorofa Ishirini

Kijiwe cha Bolibana hakina jina wala kibao. Kina benchi moja la mbao lililoegemezwa ukuta wa nyumba ya Zumana Traore, viti viwili vya kamba za plastiki vilivyolegea kwa makalio ya miaka, jiko dogo la mkaa, birika la bluu lililobanduka rangi, na glasi mbili ndogo zinazozunguka midomo ya wote bila kuona haya. Wenyewe hukutana baada ya sala ya alasiri, na hawaondoki mpaka chai ya tatu inywewe, maana hapa Bamako kuondoka kabla ya chai ya tatu ni kuwatukana wenzako. Siku hiyo walikuwa wanne kama kawaida yao, na mgeni mmoja aliyekumbatia karatasi ndefu iliyoviringwa kama mkeka. Ukuta waliouegemea ulikuwa umekwisha kupigwa msalaba wa rangi nyekundu. Kila aliyekaa alijitahidi mgongo wake uufunike.

Mgeni aliitwa Lasana Sanogo, msanifu wa majengo, ametumwa na kampuni aje awaonyeshe wazee mchoro ili wautilie baraka. Alikuwa na adabu zake. Alisalimia, akauliza hali ya watoto, ya wake, ya mama yake Zumana aliyelala mgonjwa ndani, kisha ndipo akatandaza karatasi juu ya benchi na kuibana kwa glasi mbili za chai.

— Hiki ni kibuyu, alisema Molobali Kulibali. Huyu wanamwita Redio, kwa sababu hazimwi.

— Ndiyo, baba. Kampuni ilitaka jengo la kuutambulisha mji. Mtu akiwa bado yuko kwenye kilima cha mji wa Kati, alione, aseme nimefika Bamako.

— Mimi nikitoka Kati nafahamu nimefika kwa moshi, alisema Drisa.

Drisa ndiye mpika chai wao. Ujanani alifanya kazi ya uashi kule Abidjan, na hajapata siku ya kuisahau wala ya kuwaacha wenzake waisahau, basi wakambatiza Abijani.

— Ghorofa ishirini, aliendelea msanifu. Chini maduka. Hapa tumboni nyumba za familia. Halafu hapa linapobana, shingoni, nyumba chache tu, za heshima. Baba Zumana amepewa ya kumi na saba. Upepo wa mtoni wote ni wake.

Wote wakamtazama Zumana. Zumana alikuwa na kanzu ya mteja mapajani, anadarizi shingo yake kwa uzi wa dhahabu, na hakuinua macho. Nyuma ya ukuta mama yake alikohoa, na sindano ikasimama mpaka kikohozi kilipokwisha.

— Usihuzunike, Redio alimwambia. Wahenga wamesema aliye juu mngoje chini. Sisi tutakungoja hapa hapa.

— Hapa wapi? aliuliza Abijani. Benchi linaegemea nini ukuta ukianguka? Linaegemea maneno yako?

— Litaegemea kibuyu.

— Chini ni maduka, we mla kunde. Nani atakuruhusu ukoroge chai mlangoni pa duka la viatu?

Kulibali wote huitwa wala kunde na kila mtu, na Redio alilipokea kama anavyopokea salamu. Akamgeukia mtu wa nne, Kariba Diarra, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa benchi zaidi kuliko desturi yake.

— Na wewe mwenye kokwa za kola, mbona leo kimya? Simba wa akina Diarra kala nini?

Kariba alicheka kicheko kifupi, akaomba apewe chai.

Hapo ndipo palipouma. Traore na Diarra ni watani tangu mababu. Huyu humwita yule mtumwa wangu, yule humwita huyu mwizi wa kuku, na mtani akija kwako na kola, zile kokwa chungu za kutafuna, kukuomba jambo, humkatalii. Ukimkatalia umejivunjia heshima mpaka kwa walio kaburini. Mwezi uliopita Kariba aliingia uani asubuhi kavaa kanzu nyeupe, mkononi kokwa kumi za kola zilizofungwa kwa jani bichi. "Mtumwa wangu," alisema, "nimekuja kuomba." Zumana alijua Kariba ana mjukuu mchanga. Akasema moyoni, huyu anataka kondoo wa akika, na kwa furaha ya utani akaipasua kokwa moja, akaitafuna, akamgawia mama yake kipande, ndipo akauliza unaomba nini. Kariba aliomba nyumba.

Watu wa kampuni hawakuwa wajinga. Walikwisha kuuliza mtaani nani ni mtani wa nani, ndipo wakamtuma Kariba. Ndugu zake Zumana walioko Ufaransa walipopigiwa simu wakasema kama kola imeliwa, imeliwa, tena nyumba ya ghorofani ina bomba ndani. Basi mambo yakaisha hivyo, kwa kutafuna.

— Mimi nawaambia siri, alisema Redio, akishusha sauti mpaka mwuza mikate wa ng'ambo ya barabara akasogea asikie. Hiki si jengo la kukaa watu. Kibuyu ni chombo cha nini? Cha maji. Wataunyonya mto kwa chini, visima vyetu vikauke, kisha watuuzie kwa kibaba.

— Baba, ni umbo tu, alisema msanifu.

— Umbo la kinu limewahi kutwangiwa nguo? Mwenda pole hajikwai, mwanangu.

— Hiyo inahusu nini? aliuliza Abijani.

— Inahusu maji.

Abijani alimimina chai ya kwanza kutoka juu, ikatoa povu, akaonja, akatikisa kichwa, akairudisha birikani.

— Maji ni tatizo dogo. Mimi nimejenga maghorofa. Mtu wa ghorofa ya kumi na saba jua analiona mapema kuliko nyinyi, na linamwacha mwisho. Sasa mwezi wa Ramadhani, adhana ya magharibi inalia hapa chini, sisi tunakunywa uji, na Zumana kule juu bado analiona jua kwa macho yake. Atafuturu?

— Hafuturu, alisema Redio.

— Basi saumu yake ni ndefu kuliko ya jirani yake wa chini kwa haki ya Mungu. Na imamu hana jibu. Abidjan nilimwona mtu amekonda hivihivi, kumbe anakaa juu.

— Na kondoo wa sikukuu anachinjwa wapi? aliuliza Redio.

— Kuna uwanja wa magari, alisema msanifu.

— Anashuka kwa lifti?

— Anaweza kushuka kwa lifti, baba.

— Kondoo akiona kioo cha lifti atadhani kuna mwenzake, akipige pembe, alisema Abijani. Kioo kikivunjika lifti inakwama. Mnakaa humo nyinyi na kondoo mpaka sikukuu ya mwaka ujao, mmeshazoeana, hakuna wa kumchinja mwenzake.

Wakacheka wote, hata msanifu. Kariba naye alicheka, akageuza jicho kumtazama Zumana kama anacheka. Zumana alikata uzi kwa meno. Alikuwa akifikiri kwamba uani mwao kuna mahali pa kila kitu, na hakuna aliyewahi kupachora. Pale jikoni ndipo walipozikiwa vitovu yeye na nduguze, wote saba. Pale kando ya kisima ndipo baba yake alipooshwa kabla ya kuzikwa, juu ya mlango uliong'olewa bawaba ukawekwa juu ya matofali. Mama yake aliuonyesha mlango ule ule juzi kwa kidole, bila kusema neno, na Zumana alijifanya hakuona.

Chai ya kwanza ilikwisha, chungu kama ilivyopasa. Ya pili ikiwa jikoni, lango la ua likafunguliwa, akatoka mwanamke mzee, mwembamba, amejifunga leso ya safari, na koleo la makaa mkononi. Alikuwa Nieba, mdogo wa mama yake Zumana. Alikuwa ameshuka asubuhi kwenye basi la Bougouni aje amuuguze dada yake, na mji huu alikuwa hajaufikia tangu ujana.

— Wanangu, nipeni moto kidogo. Uji wa mgonjwa umepoa.

— Chukua, mama, mgeni njoo mwenyeji apone, alisema Redio.

Abijani akamchagulia makaa mazuri. Nieba akiwa anangoja, jicho lake likaanguka kwenye karatasi.

— Hiki kibuyu cha nani?

— Ni nyumba, mama, alisema msanifu, akasimama kwa heshima. Itajengwa hapa. Nyinyi mtakaa hapa, na akaweka kidole shingoni.

Nieba aliinama. Alikitazama kidole, akateremka kwa macho mpaka chini kabisa ya karatasi, akapanda tena. Hakuuliza bei wala hakuuliza maji.

— Na mtu akifa humo, anatokaje?

— Kuna lifti, mama. Kijumba kinachopanda na kushuka chenyewe.

— Kinachukua watu wangapi?

— Sita.

— Wamelala?

Msanifu aliinama kwenye mchoro.

— Wamesimama, mama. Shingoni nafasi ni ndogo.

— Sikuulizia waliosimama.

— Kuna ngazi pia, alisema, na kidole chake kikaanza kushuka. Kilishuka kwa kuzunguka, maana shingo ya kibuyu ni ya duara na ngazi zake zilizunguka nayo, nyembamba, kama ndani ya konokono. Kikafika ghorofa ya kumi na sita, kikasimama. Kikarudi juu, kikaanza upya, kikasimama pale pale. Abijani alisogea. Bila mzaha alilaza kiganja chake juu ya karatasi, akapima shubiri, akauliza kipimo, akaambiwa. Jeneza la msikiti wa Bolibana anajua urefu wake, kwa sababu yeye ndiye aliyelipigilia miguu. Akaondoa mkono.

— Halipindi, alisema.

— Wanaweza kumshusha dirishani kwa kamba, alisema Redio. Makabati hushushwa hivyo.

Hakuna aliyecheka, naye akaona aibu mara moja.

— Au kwenye lifti, aliendelea polepole, asimamishwe. Mtu amkumbatie.

— Nani? aliuliza Nieba.

Macho yote yakaenda ukingoni mwa benchi. Katika msiba wa Traore, Diarra ndiye anayeruhusiwa kila kitu. Ndiye huzuia jeneza mlangoni akidai deni la uongo, ndiye huigiza mwendo wa marehemu mpaka wafiwa wacheke ndani ya machozi. Ilikuwa zamu ya Kariba kusema neno la utani, na wote walilingoja, na pengine wangelishukuru. Kariba alifungua mdomo.

— Zumana, alisema, waliniambia ninapoiomba nyumba naomba ruhusa ya kuipima tu. Wallahi. Nilidhani naomba kupima.

— Najua.

— Nikirudisha kokwa kumi nyingine...

— Kola iliyotafunwa hairudi kuwa kokwa, alisema Redio, na safari hii methali yake ilikaa mahali pake, na hakuna aliyemshukuru.

Zumana aliiweka kanzu chini. Alimgeukia msanifu, akamwambia kwa sauti ya mtu anayeomba mabadiliko madogo kwenye mshono.

— Mwanangu, huwezi kuipanua shingo?

Lasana Sanogo alikuwa kijana mwema, na hilo lilimfanya aumie zaidi. Aliiangalia kazi yake. Ilikuwa imepita mikononi mwa wakubwa, wameisifu, imechapwa kwenye mabango.

— Nikiipanua, baba, haitakuwa kibuyu tena. Na wao walilipendea hilo. Ghorofa za chini nazo zimekwisha kuuzwa.

Nieba alisikiliza hayo yote na koleo lake la moto mkononi. Akasema makaa yanapoa, akaingia ndani. Abijani alimimina chai ya pili, wakainywa kwa zamu, tamu, na haikusifiwa na mtu. Kupitia tundu la dirisha lililo juu ya benchi walisikia sauti mbili za wanawake wazee, moja ikieleza, nyingine ikiuliza. Ukuta ule haujapata kuficha neno, ndiyo maana watu waliupenda.

Lango likafunguka tena. Nieba hakutoka mzima, alitoa kichwa tu.

— Dada anauliza, mnabomoa lini?

Msanifu alimtazama Zumana, Zumana akamtazama Kariba, na Kariba akatazama chini.

— Mvua zikiisha, mama, alisema msanifu. Siyo kabla.

Kichwa kikarudi ndani. Wakasikia maneno machache, kisha kikohozi kirefu, na katikati ya kikohozi kitu ambacho Zumana, aliyemjua mama yake miaka yote, alitambua kuwa ni kicheko. Nieba alirudi. Alisema kama mtu anayepeleka salamu sokoni.

— Anasema basi, atawahi kutokea lango hili.

Lango likafungwa. Maji ya chai ya tatu yalichemka mpaka yakamwagikia makaa, na Abijani hakunyoosha mkono. Msanifu alianza kuviringa karatasi yake, polepole, ili isitoe sauti.

Zumana aliinuka kabla ya chai ya tatu, akaingia kwa mama yake, na hakuna aliyeona ametukanwa.