Kinanda cha Waimbaji Sita

MJOMBA: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

VIDOLE: Mimi, Mjomba. Vidole. Shikamoo.

MJOMBA: Nani? Sema kwa kifua, mama, mtandao unakwaruza.

VIDOLE: Vidole! Mpwa wako! Shikamoo!

MJOMBA: Aaa, Vidole! Marahaba, marahaba. Ngoja niweke spika... Haya. Hujambo? Mama yako haja—

VIDOLE: Hajambo, wote hatujambo, salamu utanisamehe, tutazimalizia nyumbani. Mjomba, niko kwa yule muuza vinanda vikuukuu. Anafunga saa kumi na moja, na sasa ni saa kumi na nusu.

MJOMBA: Leo? Si tulisema wiki ijayo, twende wote?

VIDOLE: Kiongozi wa bendi kanipigia mchana. Anasema Ijumaa nipande jukwaani na ile sauti nene ya zamani, ile ya kanda zao za kwanza. Nikija na sauti ya plastiki, nafasi yangu anampa mtu mwingine. Keshampata. Kanitajia hadi jina.

MJOMBA: Loo. Na kile chako cha kisasa—

VIDOLE: Nimekiuza.

MJOMBA: Umefanyaje?

VIDOLE: Nimekiuza, Mjomba! Saa nane. Ningepata wapi hela? Niko hapa mikono mitupu, na hela ya kinanda kimoja tu. Nikikosea, sina kinanda, sina bendi, sina kazi. Maji yamenifika hapa, shingoni.

MJOMBA: Basi, basi. Pumua. Huyo muuzaji anakuona?

VIDOLE: Amesimama mbele yangu na kitambaa cha vumbi. Hafuti chochote.

MJOMBA: Asijue kwamba umebanwa. Chekacheka kidogo.

VIDOLE: Nacheka tangu nilipoingia. Mashavu yananiuma.

MJOMBA: [anacheka] Haya. Viko vingapi? Viwe vya zamani kweli, sio vya kompyuta vilivyopakwa rangi.

VIDOLE: Vitatu. Kimoja kina mbavu za mbao, kizuri hicho, ungekiona ungekiposa. Cha pili kikubwa, cha waimbaji sita—

MJOMBA: Cha sita! Kipo?

VIDOLE: Kipo. Na cha tatu kidogo, cha mwimbaji mmoja.

MJOMBA: Anza na cha mbao. Kinalia?

VIDOLE: Kinalia vizuri sana. Alikuwa amekiwasha nilipofika.

MJOMBA: Aha. Peleka kiganja mgongoni kwake. Pale nyuma, penye matundu.

VIDOLE: ...Pana joto.

MJOMBA: Joto la kikombe cha chai au joto la pasi?

VIDOLE: La pasi.

MJOMBA: Kimewashwa tangu alfajiri. Vinanda hivi sauti yake inateleza vikiwa baridi, vikipata moto vinatulia. Mwambie akizime, mngoje kipoe, kisha akiwashe tena.

VIDOLE: [kwa mwenye duka] Baba, samahani, unaweza kukizima kidogo kipoe? ... Eti? ... Mjomba, anasema yeye hauzi barafu.

MJOMBA: Ameshajibu. Kingekuwa kizima angekizima. Jukwaani ungekuwa unakimbizana na wapiga gitaa nusu saa nzima, kila mtu na wimbo wake. Kipite.

VIDOLE: Ningekichukua hicho, Mungu wangu. Nilishakipenda.

MJOMBA: Ndiyo maana umenipigia. Haya, kikubwa. Kimewashwa?

VIDOLE: Sasa hivi ndiyo anakiwasha.

MJOMBA: Bonyeza kibonyezo kimoja. Hichohicho, mara sita, polepole. Ndani wamekaa waimbaji sita, kila ukibonyeza anaamka mwingine.

VIDOLE: Moja... kinalia. Mbili, kinalia. Tatu... kimya. Nne, kinalia. Tano... kimya. Sita, kinalia ila kama kina mafua.

MJOMBA: Wawili hawaimbi.

VIDOLE: Wamekufa, Mjomba.

MJOMBA: Wamelala. Hakuna aliyekufa. Mwambie akufungulie kifuniko. Tafuta betri ndogo, imesimama kwenye bodi. Hiyo ndiyo inakumbuka milio.

VIDOLE: Anafungua... Naiona. Ina ukungu wa kijani. Umetambaa mpaka kwenye vijiwaya.

MJOMBA: Mpana kiasi gani?

VIDOLE: Kama kiganja changu.

MJOMBA: Mswaki na siki. Unasafishika huo.

VIDOLE: Mpaka Ijumaa?

MJOMBA: Kwani nimeanza jana? Bei yake vipi?

VIDOLE: Nusu ya hela yangu.

MJOMBA: Na hicho kidogo?

VIDOLE: Yote. Hela yote, mpaka ya kurudia nyumbani. Lakini kile kidogo nilikikuta baridi, Mjomba, nimekigusa mwenyewe. Nimekiwasha, ni karibu nusu saa sasa, sauti imekaa palepale, haijateleza—

MJOMBA: Mwimbaji mmoja, Vidole! Ukibonyeza vibonyezo vitatu, kinalia kimoja tu. Utapigaje nyimbo za bendi nzima?

VIDOLE: Naweza kupiga besi. Au zile sehemu za tarumbeta—

MJOMBA: Utatoa hela yote ununue robo ya kinanda? Sikiliza. Chukua kikubwa. Nusu unalipa, robo tununue vipuri, robo inabaki nyumbani. Fundi ni mimi, ufundi ni bure. Si ndivyo tulivyopanga?

VIDOLE: Ndivyo.

MJOMBA: Basi. Kitu kimoja tu nihakikishe. Hao wanne walio macho, nataka niwasikie kule juu kabisa. Wakipatana juu, wamepatana kote. Weka simu kwenye spika ya kinanda, bonyeza cha mwisho kulia, usiachie.

VIDOLE: Sawa... Haya.

[kimya]

MJOMBA: Haya, bonyeza basi.

VIDOLE: Nimebonyeza.

MJOMBA: Eh?

VIDOLE: Nimebonyeza, Mjomba! Mwenye duka keshaziba masikio!

MJOMBA: Mtandao huu! Sogea dirishani.

VIDOLE: Waya haufiki... subiri, nakivuta... Haya. Sasa?

[kimya]

MJOMBA: Eee. Hapo sawa. Nimemsikia. Safi, ametulia. Mwingine.

VIDOLE: Mjomba.

MJOMBA: Bonyeza mwingine.

VIDOLE: Hapo nilikuwa bado sijabonyeza. Nilikuwa nashika waya.

MJOMBA: ...Basi ni mwangwi wa yule wa kwanza. Simu hizi zinachelewesha. Bonyeza.

VIDOLE: Nabonyeza. Huyu hapa. Nimeshikilia.

[mtandao unakwaruza]

VIDOLE: Mjomba, nani huyo hapo kwako?

MJOMBA: Wapi?

VIDOLE: Kuna mtu anapiga kelele. Anasema, "Zima hiyo filimbi, inanitoboa kichwa."

MJOMBA: Hakuna mtu hapa. Niko peke yangu na vyuma vyangu.

VIDOLE: Ni mkeo, Mjomba. Namsikia. Amerudia tena. Geuka nyuma.

[kiti kinaburuzwa]

VIDOLE: Mjomba?

MJOMBA: ...Kumbe yuko mlangoni. Nilidhani ametoka.

VIDOLE: Amesikia kinanda kwenye spika ya simu yako.

MJOMBA: Nimekuelewa.

VIDOLE: Tangu lini?

MJOMBA: Muuzaji anasemaje, hajafunga?

VIDOLE: Mjomba, tangu lini?

MJOMBA: Sijui! Kitu kama hiki mtu anakijuaje? Hakuna siku unaamka ukakuta sikio halipo. Ndege walipungua, nikasema wamehama. Mke wangu akawa ananong'ona, nikasema amenuna. Wewe mwenyewe nakusikia ukisema kwa kifua. Ya chini yote nayapata. Ni hayo ya juu tu. Ya juu tu, mama.

VIDOLE: Kile kinanda cha kwaya ulichowatengenezea...

MJOMBA: Usinitajie cha kwaya.

VIDOLE: Waliposema kinakwenda kombo, ulisema ni umeme wao mbovu. Nikagombana na mwalimu wao mbele za watu, nikamwambia mjomba wangu hakosei.

MJOMBA: Najua. Uliniambia. Nilikaa siku mbili bila kushika solda.

VIDOLE: Ungeniambia!

MJOMBA: Nikuambie nini? Kwamba fundi wa sauti hasikii sauti? Hayo si maneno ya kumwambia mtu kwenye simu.

VIDOLE: [kwa mwenye duka] Dakika moja, baba. Tafadhali. Dakika moja tu. ... Mjomba, anashusha mlango nusu.

MJOMBA: Sikiliza. Nisikilize vizuri. Mikono yangu mizima. Macho yapo, nina miwani mipya. Huo ukungu nausafisha usiku mmoja. Waliolala nawaamsha. Kinachobaki ni kuwapatanisha tu.

VIDOLE: Kuwapatanisha wote sita. Kwa sikio.

MJOMBA: Kwa... ndiyo.

VIDOLE: Kuna programu za simu za kupima sauti—

MJOMBA: Kwa hiyo fundi sasa ni simu?

VIDOLE: Sijasema hivyo!

MJOMBA: Mwaka mzima hakuna aliyeniletea kitu cha maana. Naletewa redio za jikoni, Vidole. Naletewa chaja. Kinanda cha sita kikiingia hapa kikatoka kikiimba, watu watasahau habari za kwaya. Nipe hiki kimoja. Sijawahi kukuomba kitu tangu uzaliwe.

VIDOLE: Ijumaa niko jukwaani, Mjomba.

MJOMBA: Ijumaa kitakuwa tayari.

VIDOLE: Na kisipokuwa?

MJOMBA: Kitakuwa!

VIDOLE: Sina kingine! Nimeuza, nimekwambia nimeuza! Nikipanda na kinanda kinachokwenda kombo, hawataniambia kitu, watanicheka tu, halafu nirudi nyumbani nikae. Nitamwambia nini mama? Ada ya mdogo wangu nani—

MJOMBA: Usilie dukani.

VIDOLE: Silii.

MJOMBA: Vidole. Unaniamini?

[kimya]

MJOMBA: Haloo? Upo?

VIDOLE: Nipo.

MJOMBA: Sikukusikia.

VIDOLE: Sijasema kitu, Mjomba.

[mtandao unakwaruza]

VIDOLE: Mjomba... kuna mtu ameingia.

MJOMBA: Mtu gani?

VIDOLE: Mteja. Amekuja moja kwa moja kwenye kile kikubwa. Anakitaka.

MJOMBA: Mwambie umeshakishika wewe!

VIDOLE: Anatoa hela. Ameshalipa, Mjomba. Ameshakichukua.

MJOMBA: Sasa hivi hivi?

VIDOLE: Sasa hivi.

MJOMBA: Mlango ukiwa umeshushwa nusu.

VIDOLE: ...Ameinama, akapita.

MJOMBA: Hakupunguziwa bei?

VIDOLE: Hakuomba.

MJOMBA: Ana haraka kweli mtu huyo. Amekubali wawili waliolala, na ukungu, na yote?

VIDOLE: Ndiyo.

MJOMBA: Haya. Mwambie atafute fundi mwenye masikio.

VIDOLE: Mjomba—

MJOMBA: Mwambie asimpelekee mtu kinanda kwa sababu ya undugu. Atakuja kumchukia bure.

VIDOLE: Mjomba, nisamehe. Nisamehe, haki ya Mungu, sikuwa na—

MJOMBA: Usiniombe msamaha, hukununua wewe. Kile kidogo kipo bado?

VIDOLE: Kipo.

MJOMBA: Kishike kabla mtu wako hajainama tena. Vile vitufe vya kuzungusha, vizungushe vyote mbele yake, kimoja kimoja. Kimoja kikikwaruza sana mwombe akupunguzie ya nauli. Usitembee na kinanda kwa miguu.

VIDOLE: Sawa. [kwa mwenye duka] Baba! Nachukua hiki kidogo. Ndiyo, hiki. Usifunge, nalipa. ... Mjomba, salio linaisha, imeshanipigia mlio.

MJOMBA: Mlio sijausikia.

VIDOLE: Najua. Nitapita kwako nikitoka hapa.

MJOMBA: Una mazoezi. Nenda kafanye mazoezi.

VIDOLE: Nitapita kwanza. Nataka ukione.

MJOMBA: Nikione, eh. Haya. Pita basi.

VIDOLE: Saa kumi na mbili nitakuwa hapo.

MJOMBA: Ila ukifika usipige hodi. Sukuma tu mlango uingie, mama. Siku hizi mtu anaweza kusimama hapo nje mpaka—

[simu inakatika]