Mwenye Nyumba Ashike Ngazi

Wasifu wa Fundi Asheri Msuya, umeandikwa na kusomwa kwenye hafla ya kumuaga na Hezroni Mbwambo, mtunza stoo, kwa niaba ya wafanyakazi wa Shule ya Sekondari Ngurunga, Vudee

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Fundi Asheri Msuya anastaafu rasmi leo, Ijumaa tarehe 27 Februari 2026. Kwenye karatasi za ofisi yeye ni fundi wa majengo. Sisi tunamjua kama mtu wa magata, yaani ile mifereji ya ukingo wa bati inayokusanya maji ya mvua na kuyapeleka kwenye tanki. Hapa Ngurunga hakuna nyumba ya mwalimu, bweni wala jiko ambalo hajalifungia gata, na hakuna gata alilolifunga ambalo upepo wa huku haujajaribu kulichukua.

Ipo nyumba moja tu isiyo na gata mpaka leo hii, nayo ni ya kwake mwenyewe. Wageni wetu mtashangaa, sisi tumeshazoea. Mkewe, Bi Raheli, ambaye wote tunamwita Mama Ebenezer, bado anateremka chemchemi na ndoo, kisha anapanda kilima na goti lake linalouma, huku masika yako mlangoni na mvua inajiandaa kumwagika bure kutoka kwenye bati lake kama kila mwaka. Wasifu huu una utani mwingi, maana Fundi mwenyewe hakutuachia njia nyingine, lakini naomba msiisahau ndoo hiyo. Tutairudia.

Fundi Asheri ni mtoto wa Ugweno. Alifika hapa mwaka 1993 kwa kazi ya majuma machache, kufunga magata ya bweni la kwanza. Ukimuuliza kwa nini hakurudi kwao, atakwambia alizuiwa na mvua. Sisi tunaosali naye tunajua kwamba mvua hiyo ilikuwa inaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika, na jina lake lilikuwa Raheli. Chasu, lugha ya Wapare wa huku, amejifunza vizuri, ila akikasirika anarudi Ugweno moja kwa moja, na hapo hata misumari inakuwa haimwelewi.

Asiyeujua upepo wetu anaweza kudhani gata ni kitu cha kufunga mara moja ukalala. Dhoruba za huku zinatoka upande wa bahari, zinavuka bonde, na zikifika mlimani zina hasira ya safari nzima. Gata la Mama Fortunata, mpishi wetu, liliwahi kuokotwa kwenye mahindi ya jirani, mbuzi akiwa ameshaligeuza birika lake. Fundi alituzoesha kutokimbilia msumari. Kwanza hukagua ubao unaolishika gata, ule ambao mafundi huuita fishabodi, na ukiwa umeoza anautoa wote, kwa sababu gata jipya kwenye ubao mbovu litaondoka pamoja na ubao wake. Kisha hupanga vikamatio vya kulibeba karibu karibu, na kabla ya mvua huzoa majani ya migrevilea yanayoziba njia. Mwisho humimina kikombe chake cha chai upande wa juu, akaitazama ikitembea. Chai ikifika kwenye tanki, kazi imekwisha. Ndiyo maana wageni wengi husifu ladha ya maji ya Ngurunga, nasi tunanyamaza.

Lakini kilichompa jina zaidi ni sharti lake, na lilizaliwa mwaka wake wa pili hapa. Alikuwa anarekebisha gata la nyumba ya Mkuu wa wakati ule, manyunyu yameanza, na mtu aliyeachiwa ngazi akakumbuka ghafla kwamba chai ya saa nne iko tayari. Udongo wa huku ukilowa ni sabuni. Ngazi ikaenda zake, Fundi akabaki ananing'inia kwenye gata kama shuka iliyosahauliwa kwenye kamba. Mama Fortunata alitoka jikoni na mwiko mkononi, akairudisha ngazi huku akiuliza, "Wewe Fundi, huko juu umepoteza nini?" Fundi akisimulia kisa hicho hasemi hata siku moja kwamba aliponea chupuchupu. Anachosema ni, "Lakini mliona gata halikung'oka?"

Tangu siku hiyo hakanyagi ngazi mpaka ishikwe na mwenye nyumba mwenyewe. Si mlinzi, si mwanafunzi, si jirani mwema. Sababu yake ni moja. "Mtu wa kuazima ana chai yake inamngoja," husema. "Mwenye nyumba ana maji yake."

Mwalimu Paschal, Mkuu wetu wa Shule, alipohamia hapa alidhani huo ni mzaha, akamtuma mlinzi akashike. Fundi aliketi kwenye kipago cha chini kabisa akaendelea na chai yake. Mkuu akatoka mwenyewe, na suti, maana alikuwa anawangoja wageni kutoka Same mjini. Wageni walipofika walimkuta mtu aliyelowa amekumbatia ngazi, tai imehamia begani. Mmoja wao akamwamkia aliyekuwa juu, "Shikamoo mzee. Mkuu wa Shule tunampata wapi?" Fundi akajibu, "Marahaba. Ni huyo hapo, ila msimpe mkono kwanza, ana kazi." Mwalimu Paschal alinipa ruhusa ya kuandika haya, baada ya kukataa mara kadhaa.

Jambo ambalo Fundi hakulipanga ni midomo yetu. Mtu aliyeshika ngazi hana la kufanya isipokuwa kusema, na anayemsikiliza amempa visigino tu. Fundi huitikia kwa neno moja, "Enhee," na nyundo inaendelea. Pale chini Mwalimu Devotha alifanya mazoezi ya kumweleza baba yake, Mkatoliki wa kufa na kupona, kwamba mchumba ni Mlutheri. Mimi ninayeandika, niliyegombana na Fundi kuhusu misumari ya stoo kuliko mtu yeyote shuleni hapa, nilishika ngazi juma moja baada ya kumzika mama yangu. Nilisema mengi ambayo sikuwa nimemwambia hata mke wangu. Gata lilikuwa limeshakaa, nililiona kwa macho yangu, lakini Fundi aliendelea kugongagonga msumari uleule mpaka nilipomaliza kufuta uso. Msumari ule aliuharibu kabisa, na ni msumari pekee ambao sikumuuliza habari zake.

Katika yote tuliyomwambia, hakuna hata neno moja lililowahi kuturudia kwa njia ya sokoni. Leo anaondoka na mafao yake na siri za idara zote, na tunamwomba azitunze vizuri kuliko anavyotunza koleo za shule.

Isidhaniwe kwamba hajawahi kukosea. Kosa lake kubwa limesimama mpaka leo katikati ya nyumba ya Mwalimu Devotha na nyumba ya Mwalimu Eliaichi. Kuna mwaka matanki hayakutosha. Fundi amekulia milimani, ambako maji ya ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, hugawanywa kwa zamu na watu wakaelewana. Akaona shida iko wapi? Akayaelekeza magata ya nyumba zote mbili kwenye tanki moja, akapanga zamu za kuchota. Alisahau kwamba kwenye ndiva hakuna anayeweza kusema kijito kimetoka kwenye bati lake. Mwalimu Eliaichi alidai bati lake ni pana, kwa hiyo maji mengi ni yake. Mwalimu Devotha akajibu kwamba mvua huku hupiga upande wake. Walinuniana masika yote. Mwishowe Fundi aliwaita wote wawili kwenye tanki, akafungua mfuniko, akatoa hukumu: anayeyatambua maji yake humu ndani na aanze kuchota. Walicheka mpaka wakasalimiana, na zamu zinaendelea mpaka leo.

Sasa turudi kwenye ndoo ya Mama Ebenezer. Tanki nyumbani kwao lipo, limekaa kando ya ukuta miaka mingi na kuku wanalala juu yake. Magata nayo yapo, yamefungwa kamba bandani. Kilichokosekana ni mtu, na hilo tumelijadili kwenye kila chai ya saa nne. Sharti linasema mwenye nyumba ashike ngazi, na mwenye nyumba ni Fundi. Akipanda yeye, chini hakuna mwenye nyumba. Akishika yeye, juu hakuna fundi, maana hajawahi kuamini kwamba mwingine anaweza kugusa bati lake. Mama Ebenezer alijitolea kushika, akaambiwa ana goti. Akajibu kwamba goti hilo halijawahi kumzuia mtu yeyote kunywa maji anayoyabeba. Fundi akaahidi kwamba akistaafu atalifunga gata hilo mwenyewe, kwa utulivu, bila haraka za shule.

Novemba iliyopita dhoruba ya vuli iling'oa magata ya nyumba za walimu mfululizo. Fundi aliyarudisha yote, sisi tukishika ngazi kwa zamu. Jumapili yake, akiwa kwake, mvua ikarudi, akamwona mkewe anapanga masufuria nje chini ya ukingo wa bati ili akinge walau ya kupikia. Aliichukua ngazi akapanda peke yake, kinyume cha sharti lake mwenyewe, na udongo ukafanya kama ulivyofanya zamani. Safari hii hapakuwa na gata la kuning'inia. Aliangukia kwenye migomba akavunjika mtulinga, na Mama Ebenezer akamkinga mvua kwa sinia mpaka majirani walipofika. Daktari mjini Same alimwambia ngazi basi, maisha yake yote yaliyobaki.

Utani ulituishia siku hiyo. Miezi hii tumemwona akirudi kutoka kazini jioni, akisimama kwenye kona ya njia kulitazama paa lake kabla ya kuingia ndani, na tumeumia. Tulipomwambia tumfungie gata, alisema tusijisumbue. Fundi Asheri ni mkaidi, na kwa ukaidi huo ameushinda upepo wa huku miaka thelathini na mitatu. Lakini nyumbani kwake gharama ya ukaidi inabebwa kichwani na mtu mwingine.

Kamati ya hafla hii ilitaka kumzawadia godoro. Kwa heshima tulimuuliza kwanza Mama Ebenezer, naye akatuuliza, "Hilo godoro linatoa maji?" Kwa hiyo godoro halipo. Kesho Jumamosi asubuhi pembe italia, na Ngurunga yote itatoka kwenye msaragambo, kama wazee wetu walivyotufundisha kufanya kazi ya mmoja kwa mikono ya wote. Mahali ni nyumbani kwa Fundi Asheri. Fishabodi mpya imeshapakwa rangi, vikamatio vimeshatoka stoo, na Mama Ebenezer ameshaloweka mahindi na maharage ya makande. Mtu pekee ambaye hakuwa na habari ni mstaafu, na sasa amezipata mbele ya watu wote, mahali ambapo kukataa ni vigumu. Fundi, usimtazame mkeo hivyo. Ametufichia siri vizuri kuliko wewe unavyoficha koleo.

Na sharti lako tumeliheshimu. Mwenye nyumba atashika ngazi. Utasimama chini, miguu yote miwili ardhini kama daktari alivyotaka, na kikombe chako cha chai kitamiminwa huko juu, nawe utaingoja chai kwenye tanki. Atakayepanda ni mimi. Nayajua maoni yako kuhusu mikono yangu, na unaujua uzito wangu. Sijawahi kupanda juu kuliko rafu ya tatu ya stoo, na sikufichi kwamba naogopa. Lakini ngazi hiyo itakuwa imeshikwa na mtu mwenye maji yake.

Kwa niaba ya Mkuu wa Shule, walimu, wapishi, walinzi na wasichana wote waliowahi kulala bweni lisilovuja, tunakushukuru, Fundi. Tunawatakia wewe na Mama Ebenezer miaka mingi, tanki lijae, na ndoo ile igeuzwe chungu cha maua. Na kesho ukiwa pale chini, kama kuna neno ulilolibeba muda wote huu bila kupata mtu wa kumwambia, liseme. Nitakuwa nimekupa visigino. Nitaitikia "Enhee," na nitagonga msumari mpaka umalize.