Spana na Mama Mkwe Juu ya Pikipiki Moja

Benchi letu liko mbele ya kinyozi, na kinyozi ni mimi. Lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, kwa hiyo anayekaa upande wa tofali haruhusiwi kubishana kwa nguvu. Redio, mwenzetu wa kila jioni, hajawahi kuitii amri hiyo. Kazi yake ni kutengeneza redio mbovu, ila mdomo wake mwenyewe haujapata kuharibika. Mwenzake ni Mstaafu, aliyekuwa karani, na siku hizi anaishi kwa pensheni na methali. Jioni ile birika la kahawa lilikuwa limejaa, na sote tulikuwa tunamngoja Spana, fundi wetu wa pikipiki, aliyepotea wiki nzima. Akatokea uso umebabuka kwa jua, kiwiko kimefungwa bandeji. Hata kukaa hakukaa.

— Umemtupa wapi? Redio akamvaa.

— Nani?

— Mama mkwe wako! Mtaa mzima ulikuona unampakia.

— Yuko nyumbani, anakula. Nipeni kahawa kwanza.

Nikammiminia. Akakaa, akapuliza, akanywa, akaanza.

— Safari ilikuwa yangu na mke wangu, mnajua. Miaka tunaipanga. Tulizunguke ziwa, tupande milima, tufike hadi kwenye maporomoko. Pikipiki nimeifumua yote, nimefunga mnyororo mpya. Kesho tunaondoka, leo mwenzangu kateguka mguu.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Mstaafu akasema.

— Kateleza bafuni, mzee wangu. Mkuu gani alikuwa bafuni?

— Sabuni.

— Basi, nikasema tuahirishe. Mama mkwe alikuwa amekuja kumuuguza. Katoka jikoni anajifuta mikono: "Kiti cha nyuma kikae bure kwa nini? Mdogo wake atabaki naye. Nitakwenda mimi."

Mama yule tunamjua. Siku ya posa alisema mbele za watu, "Binti yangu na mtu wa grisi?" Tangu hapo, yeye na Spana ni salamu tu, tena ya mlangoni.

— Mimi nimeshaelewa, Redio akasema. Alikwenda kukupeleleza. Aone unakunywa nini ukiwa mbali.

— Hapana, Mstaafu akakataa. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Huyo mama ana mchumba wake wa zamani huko milimani.

— Methali hiyo inahusu nini hapo?

— Mchumba anachimba visima.

— Ana dhahabu! Redio akapaza sauti, tofali likalia. Kaifukia ujanani chini ya maporomoko, anatafuta mtu wa kuibeba! Spana, lile begi mlilorudi nalo lilikuwa na nini?

— Begi lile? Spana akacheka. Begi lile lilikuwa ukuta. Nyie, mimi nimshike mkwe, au mkwe anishike mimi kiunoni, hiyo ni adabu? Aliliweka katikati yetu, akashika keria kwa nyuma. Siku mbili hatukusemezana. Akitaka nisimame ananigonga bega. Nilidhani ataomba kwenda haja. Wapi! Anashuka, anatazama bonde. Anatazama ziwa, mpaka mimi miguu inakufa ganzi. Halafu anapanda, "Twende." Kila kona, bega. Kila kilima, bega.

— Bega limekuwa kengele, nikasema.

— Kweli kabisa. Sasa siku ya tatu tunapanda mlima, mvua ikatukuta. Njia udongo mtupu. Tairi la nyuma likaenda kushoto, mimi kulia, begi likaruka mtaroni. Nikaanguka na kiwiko. Moyo wangu wote uko kwa mama wa watu. Nitamwambia nini mke wangu? Nageuka, mama kakaa kwenye tope, kofia ngumu imemfunika macho. Mabega yanatikisika. Nikajua analia.

— Masikini, Mstaafu akasema.

— Anacheka! Anacheka mpaka hawezi kuinuka. Ananiambia, "Baba, hebu nivute." Baba! Mimi! Tukaisukuma pikipiki pamoja hadi juu. Tulipopanda tena, begi akalifunga nyuma yake, akanishika kiuno kwa nguvu. Akasema, "Adabu haina breki."

Redio akasogeza kikombe chake, nikakijaza.

— Tukafika kwenye maporomoko. Unayasikia kabla hujayaona. Akanishika mkono kwenye mawe, tukasogea hadi manyunyu yanatupiga usoni. Akasimama. Muda mrefu. Halafu akasema, "Kumbe ni meupe kweli."

— Nini meupe?

— Maji. Nyie hamjui, mama yule maisha yake yote amepiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Chumba hakina dirisha. Ukutani palikuwa na kalenda ya zamani, ina picha ya maporomoko yale. Wenzake walimwambia ni rangi tu wamepaka, maji hayawi vile. Akabaki na swali lake. Alipomwomba mumewe ampeleke, alijibiwa, maji si yapo bombani?

Spana akazungusha kikombe mkononi.

— Nikamwuliza, "Mama, kwa nini hukunitaka?" Akasema, "Sikukuchukia wewe. Nilimwona binti yangu anaolewa, nikaona kile chumba. Niliogopa utamweka ndani kama nilivyowekwa." Akajipangusa uso. "Nimewakosea. Mguu ukipona, umlete na yeye."

Ndipo tukaona mama anakuja mwenyewe, kajitanda kitenge, anatembea kama mtu ambaye nyonga bado zinamkumbusha mlima. Tukasimama wote.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Kaeni. Nimemfuata huyu, mkewe anamwita. Mnaongea nini?

— Safari yenu, mama, Mstaafu akasema, na sauti ya ukarani ikamrudia. Nilikuwa nawaeleza hawa faida za matembezi.

Mama akamtazama kwa upole, kama mtu anayetaka kujua kweli.

— Vizuri. Na mama yako, baba, yeye alikuwa anatamani kuona nini?

Mstaafu akakohoa.

— Mama yangu? Mama... alikuwa nyumbani. Alikuwepo tu nyumbani.

— Ndiyo. Lakini alitamani nini?

Akamgeukia Redio. Redio akaangalia viatu vyake. Akanigeukia mimi, nami nikakuta nakumbuka mikono ya mama yangu, sauti yake, hata kikohozi chake, lakini jibu sina. Spana akasogea, akamwachia nafasi kwenye benchi, upande usio na tofali.